Zambia: Reli, Bei na Gunia la Mahindi

Tofauti ya mavuno baina ya majimbo ya Zambia haikuletwa na uvivu wa watu. Reli ilifika Livingstone mwaka 1905, na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906. Walowezi walipewa ardhi kandokando ya reli. Waafrika wakasukumwa mbali. Mwaka 1936 serikali ya kikoloni iliunda bodi ya mahindi, ikawatengea walowezi sehemu kubwa ya soko.

Mwaka 1974, miaka kumi baada ya uhuru, bei ya mahindi ilifanywa moja nchi nzima. Wakulima wa Kaskazini na Mashariki wakaanza kuuza kwa wingi. Lakini gharama ya usafirishaji na ruzuku ya unga iliilemea hazina, hasa bei ya shaba ilipoanguka. Desemba 1986 bei ya unga ilipandishwa. Ghasia zikazuka Copperbelt, watu wakafa, na askari wakapelekwa mitaani. Bei moja ilipoondolewa miaka ya 1990, wakulima wengi wa mbali walirudia muhogo.

Askari anayetumwa kutuliza ghasia za unga ajue kwamba chanzo chake hakiko mtaani. Kiko shambani, ambako jasho ni lile lile, ila njia ya kwenda sokoni si moja.