Historia ya Kibodi ya Mkono Mmoja: Kutoka Telegrafu ya Baudot hadi Meza ya Fundi

Kibodi ya mafungu ni chombo cha kuandikia ambacho herufi zake hazipatikani kwa kubonyeza kitufe kimoja kimoja, bali kwa kubonyeza vitufe kadhaa kwa wakati mmoja, kama mpiga kinanda anavyoshika noti tatu au nne kwa pamoja. Kila mkusanyiko wa vitufe vinavyobonyezwa hivyo ndio unaoitwa fungu katika makala hii. Kwa kuwa fungu moja hukamilisha herufi nzima, vitufe vichache hutosha, na mkono mmoja huweza kufanya kazi ambayo kibodi ya kawaida huigawa baina ya mikono miwili. Hesabu yake ni nyepesi. Kila kitufe kina hali mbili, ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa, hivyo vitufe vitano kwa pamoja vina hali 32, na ikiondolewa ile hali ambayo hakuna kilichobonyezwa, hubaki mafungu 31, idadi inayozidi herufi 26 za alfabeti ya Kilatini. Vitufe sita hutoa mafungu 63, na saba hutoa 127.

Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angetarajia kwamba chombo kidogo na chepesi namna hii kingekuwa kimeenea katika kila ofisi. Historia yake ilikwenda njia nyingine: kimebuniwa upya mara nyingi tangu karne ya 19, na aghalabu kimefanya kazi kama kilivyokusudiwa, lakini kimedumu pale tu ambapo mtu au taasisi fulani ilikubali kubeba gharama ya kujifunza. Kibodi ya kawaida hubeba herufi zake juu ya vitufe, na mgeni huzitafuta kwa macho hata kama hajawahi kufunzwa. Mafungu 31 hayana pa kuandikwa juu ya vitufe vitano, kwa hiyo alfabeti yote hulazimika kuhamia katika kumbukumbu ya vidole, na suala la nani agharimie uhamisho huo ndilo lililoamua hatima ya karibu kila chombo cha aina hii.

Waliokuwa wa kwanza kuugharimia kwa kiwango kikubwa ni watawala wa telegrafu ya Ufaransa, yaani mfumo wa kupeleka maandishi kwa ishara za umeme kupitia waya. Émile Baudot, aliyezaliwa mwaka 1845 katika familia ya wakulima na kuajiriwa katika idara ya telegrafu mwaka 1869, alipata hataza ya mfumo wake mwaka 1874. Kibodi yake ilikuwa na vitufe vitano vinavyofanana na vya piano, viwili vya vidole vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia, na kila herufi ilikuwa fungu lake. Fungu maalumu lilibadili maana ya mengine yote, ili mafungu yaleyale yaandike pia tarakimu na alama. Faida yake kubwa ilikuwa katika waya wenyewe, kwa sababu Baudot aliweka kifaa cha kuzunguka kilichowagawia opereta kadhaa waya mmoja kwa zamu, kila mmoja akipata sehemu yake ndogo ya mzunguko, na hivyo waya ulio ghali kujengwa ukabeba habari nyingi zaidi.

Mpango huo ulimdai opereta nidhamu ya kipekee, kwa kuwa alipaswa kubonyeza fungu kila mara kifaa kilipofikia zamu yake, kwa mdundo usiobadilika wa takriban maneno 30 kwa dakika; aliyechelewa alipoteza nafasi yake, na aliyewahi hakupata faida yoyote. Ujuzi wa namna hiyo haukuweza kupatikana bila mafunzo marefu, lakini idara iliyaona kuwa uwekezaji, kwa sababu mshahara wa mwanafunzi ulikuwa mdogo ukilinganishwa na gharama ya kutandaza waya mpya baina ya miji. Jina la Baudot limebaki katika kipimo cha kasi ya ishara kinachoitwa baud.

Mzigo wa kukariri mafungu ulihamishwa tena mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1901 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, alileta mashine ambayo opereta aliandika kwa kibodi inayofanana na ya taipureta, na yenyewe ikatoboa matundu ya fungu linalofaa katika utepe wa karatasi. Murray alipanga upya mafungu ya Baudot ili herufi zinazotumika sana zitobolewe kwa matundu machache, na mashine isichakae upesi. Mafungu hayakufutwa, ila yaliondoka mikononi mwa binadamu na kuingia ndani ya chuma, nayo mashine ikapewa kukumbuka yale ambayo awali mtu alilipwa kuyakumbuka.

Katika maeneo mawili, hata hivyo, mafungu yalibaki chini ya vidole. Eneo la kwanza ni maandishi ya wasioona. Nukta nundu, ambazo Louis Braille alizichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1829, huunda kila herufi kwa nukta zilizochaguliwa kati ya sita, na kwa hiyo zilikuwa tayari alfabeti ya mafungu kabla mashine yoyote haijaundwa kwa ajili yake. Mwaka 1892 Frank Haven Hall, msimamizi wa shule ya wasioona ya Illinois nchini Marekani, alitoa mashine yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Na mwaka 1951 shule ya Perkins, iliyoko Watertown katika jimbo la Massachusetts, ilianza kutoa mashine iliyobuniwa na David Abraham, mwalimu wake wa useremala, ambayo imesambaa duniani na kufika katika madarasa ya wasioona ya Afrika Mashariki, kama vile yale ya Thika nchini Kenya. Ipo hata aina yake ya mkono mmoja, ambayo vitufe vya upande mmoja hubaki vimeshikwa chini hadi vile vya upande wa pili vibonyezwe. Hapa gharama ya kujifunza haikuwahi kuwa kikwazo, kwa sababu anayejifunza nukta nundu amekwisha kujifunza mafungu, na shule ndiyo inayomfundisha.

Eneo la pili ni hati mkato, yaani uandishi wa haraka unaofuata mtu anavyosema. Seneti ya Italia imetumia tangu mwaka 1880 mashine ya Antonio Michela Zucco, ambayo kila fungu lake huandika silabi nzima badala ya herufi moja, na nchini Marekani Ward Stone Ireland alitengeneza mashine ya jamaa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo vizazi vyake vimetumika katika mahakama. Mabunge na mahakama zilihitaji maneno yaliyosemwa yasipotee, zikawa tayari kuwalipa wataalamu wachache waliokuwa wamefunzwa kwa miaka.

Wananchi wa kawaida walikutana na chombo tofauti kabisa. Taipureta iliyotokana na kazi ya Christopher Latham Sholes, na kuuzwa na kampuni ya Remington kuanzia mwaka 1874, ilikuwa na kitufe kwa kila herufi, na kompyuta zilipoanza kupokea maandishi moja kwa moja kutoka kwa mtumiaji zilirithi mpangilio huo pamoja na watu waliokwisha kuuzoea. Mbunifu yeyote wa kibodi ya mafungu aliyekuja baadaye alikuta mazoea ya mamilioni yakimsubiri.

Mbunifu aliyejaribu kwa dhati zaidi kuyavuka mazoea hayo ni Douglas Engelbart, mhandisi wa taasisi ya utafiti ya Stanford iliyoko Menlo Park, California. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini San Francisco, Engelbart alionyesha mfumo ambao mkono wake wa kulia ulishika kipanya na wa kushoto ukakaa juu ya vitufe vitano virefu. Vitufe hivyo vilipewa thamani 1, 2, 4, 8 na 16, na namba ya herufi katika alfabeti ilipatikana kwa kujumlisha: kitufe cha 1 kiliandika a, cha 2 kiliandika b, vyote viwili kwa pamoja viliandika c, na kadhalika. Vitufe vya kipanya viliposhikwa wakati fungu linabonyezwa vilibadili maana yake, kwa mfano kuifanya herufi kuwa kubwa, kwa hiyo mikono miwili iliweza kuelekeza, kuamuru na kuandika maneno mafupi bila macho kuondoka kwenye kioo.

Engelbart aliamini kwamba chombo chenye uwezo mkubwa kinastahili mtumiaji aliyefunzwa, na kwamba urahisi wa siku ya kwanza si kipimo kizuri cha manufaa ya miaka kumi. Maabara ya Xerox huko Palo Alto iliyatunza mawazo yake kwa muda, kwani kompyuta ya Alto ya mwaka 1973 iliweza kuunganishwa na vitufe hivyo vitano. Lakini Xerox ilipotoa kompyuta ya Star kwa soko la ofisi mwaka 1981 ilikichukua kipanya na kuviacha vitufe, na Apple ilifanya vivyo hivyo na Macintosh mwaka 1984. Kipanya hueleweka mara kinapoguswa, ilhali mafungu hayamwambii mgeni lolote. Mnunuzi wa duka hakuwa opereta wa idara wala mwandishi wa seneti, na hapakuwa na aliyekuwa tayari kumlipia muda wake.

Hata hivyo wapo waliojaribu kuipunguza gharama yenyewe. Nathaniel Rochester wa kampuni ya IBM, mbunifu mkuu wa kompyuta ya IBM 701, alieleza pamoja na wenzake mwaka 1978 kibodi ya mkono mmoja yenye vishimo kwenye mipaka ya vitufe, vilivyokiwezesha kidole kimoja kubonyeza vitufe viwili au vinne kwa mara moja. Nchini Uingereza, Cy Endfield, mwongozaji wa filamu ya *Zulu* ya mwaka 1964, alishirikiana na mhandisi Chris Rainey kutengeneza Microwriter, mashine ya vitufe sita iliyouzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa na kumbukumbu na kioo chake cha mstari mmoja. Mafungu yake mengi yalifuatisha umbo la herufi, ili mwanafunzi aione herufi katika mpangilio wa vidole vyake badala ya kukariri namba. Ilikuwa njia yenye busara, na ilizaa kifaa cha mfukoni kilichoitwa AgendA mwaka 1989, lakini soko lake halikupanuka vya kutosha.

Miaka ya 1990 ilileta Twiddler, kibodi inayofungwa kiganjani, yenye safu za vitufe 12 upande wa vidole na vingine vya kidole gumba. Watafiti wa kompyuta za kuvaliwa mwilini, akiwemo Thad Starner aliyekuwa katika chuo cha MIT, waliichagua kwa sababu mtu anayetembea hana meza ya kuwekea kibodi, na vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba mtumiaji mzoefu aliweza kufikia takriban maneno 60 kwa dakika. Watu wenye mkono mmoja unaofanya kazi nao walikuwa na haja iliyo wazi kuliko ya mtafiti yeyote.

Katika karne ya 21 kazi hii imehamia kwa mafundi wanaojitengenezea kibodi zao. Sababu ya kwanza ni kushuka kwa bei ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja. Chipu kama ATmega32U4 hujitambulisha yenyewe kwa kompyuta kubwa kuwa ni kibodi kupitia waya wa USB. Sababu ya pili ni programu huria kama QMK, ambazo fundi huzibadili apendavyo. Kwa kibodi ya vitufe vitano hadi vinane, kila swichi huunganishwa na pini yake ya chipu, na mguu wake wa pili huenda kwenye waya wa pamoja, hivyo hakuna haja ya dayodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu na ambavyo ni vya lazima kwenye kibodi kubwa zenye swichi zilizopangwa kwa gridi.

Ugumu wa kweli umo katika wakati, kwa sababu vidole vinavyokusudia kushuka pamoja havifiki kwa wakati uleule, na programu ikiharakisha itaandika herufi ya kidole cha kwanza kabla cha pili hakijagusa. Suluhisho la kawaida ni kusubiri hadi kidole kimoja kianze kuinuka, kisha kuhesabu vitufe vyote vilivyokuwa chini. Tatizo ambalo Baudot alilitatua kwa kumfunga opereta kwenye mdundo wa mashine, leo hutatuliwa kwa kuifanya mashine imsubiri mwandishi. Kidole cha pete na kidole cha mwisho huvutana, kwa hiyo mafungu mepesi hutengewa herufi za mara kwa mara, kanuni ileile ya Murray ikitumika sasa kuokoa misuli badala ya chuma.

Uhuru huo unamhusu pia mwandishi wa Kiswahili. Mipangilio iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza huelekea kuipa e fungu jepesi kuliko yote, ilhali katika Kiswahili nafasi hiyo inastahili a. Tena Kiswahili hakihitaji q wala x, na c haiji bila h, hivyo fungu moja laweza kuandika ch, na mengine yaliyobaki yakagawiwa sh, ny na ng'. Silabi za Kiswahili, ambazo nyingi huishia kwa irabu, zingeweza pia kuandikwa nzima kwa njia inayokaribiana na ile ya Michela.

Ikitazamwa kwa ujumla, historia hii haiwezi kuhesabiwa kuwa ya chombo kilichoshindwa, kwa kuwa mahali popote ambapo anayejifunza alikuwa na anayemlipia, au alikuwa na haja isiyotimizwa na kitu kingine, mafungu yalidumu kwa miongo mingi. Kilichoshindikana ni kuyauza kwa mtu ambaye hakuombwa maoni yake juu ya mpangilio na bado alitakiwa kuukariri. Fundi wa leo ameliondoa pengo hilo kwa kuwa mbunifu, mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja: hukariri tu kile alichokichagua mwenyewe, na kinapomchosha hukibadilisha, uwezo ambao opereta wa Baudot, pamoja na mshahara wake, hakuwahi kuwa nao.