Kola ya kuzuia kubweka
Kola ya kuzuia kubweka ni mkanda wa shingoni wenye kifaa kinachohisi sauti ya mbwa au mtetemo wa koo lake, kisha kumkatiza kwa mlio, mtikisiko, mpulizo wa mafuta ya nyasi za jamii ya mchaichai au shoti ya umeme. Ya shoti ni ya kuepukwa. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010. Inayotegemea sauti pekee huweza kumwadhibu mbwa kwa kelele za mbwa wa jirani, hivyo afadhali inayohisi koo. Vidole 2 vipenye kati ya mkanda na shingo, nayo ivuliwe usiku, maana ncha zake huchubua ngozi. Anayebweka kwa upweke haifai kuvishwa: akinyamazishwa, huenda akahamia kutafuna mlango.