Makao ya Pembeni mwa Jiji

Ikiwa umezaliwa Ndanai, au mahali pengine popote katika nchi hii ya chai na ng'ombe, yamkini hujapata kufikiri kwamba nyumba na kazi vyaweza kutengana. Mzazi wako huamka, hukama ng'ombe, huingia shambani kupalilia mahindi, na saa ya chakula hurejea nyumbani bila kulipa nauli. Hata wale waliokwenda Kericho kuchuma chai, tangu kampuni kubwa zilipoanza mashamba yao katikati ya miaka ya 1920, walipewa nyumba kambini, karibu na majani wanayoyachuma. Ajira ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha. Lakini wengi wenu mtamaliza masomo na kupanda basi la Nairobi, njia ya Bomet na Narok, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Na huko swali litakalowapokea baada ya kupata kazi ni hili: nitalala wapi kwa mshahara huu? Jawabu lake lina historia ndefu, maana bei ya nyumba katika miji inayolizunguka jiji haikuanguka kutoka mbinguni.

Watu wa kufanya kazi mjini na kulala mbali hawakuanza kwetu. London ilifungua reli ya chini ya ardhi mwaka 1863, na mwaka 1883 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozilazimisha kampuni za reli kuwachukua wafanya kazi kwa nauli nafuu asubuhi na jioni. Angalia jambo hilo vizuri. Fundi wa London hakuweza kuhamia pembeni kwa sababu tu nyumba za huko zilikuwa rahisi. Aliweza kuhamia kwa sababu nauli nayo ilifanywa rahisi. Kodi ya nyumba na nauli ni ndugu pacha, na atakayemhesabu mmoja akamsahau mwenziwe atadanganyika.

Sasa turudi kwetu. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei, 1899, mahali ambapo Wamasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Mji ulioota hapo haukukusudiwa kuwa makao ya Mwafrika. Kwa watawala yeye alikuwa mkono wa kazi, mgeni wa muda, kijana asiye na mke wala watoto, ambaye siku ya kumaliza kazi angerudi kwao. Kuanzia mwaka 1920 alitakiwa kuvaa kipande shingoni, na alitengewa mahali pake pa kukaa, kama Pumwani. Vyumba vilikuwa haba, na watu walibanana. Kwa hiyo wengi wa Kiambu na Dagoretti walichagua kulala makwao na kuja kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Hao, msomaji wangu, ndio watangulizi wa wakaaji wote wa pembeni mwa Nairobi. Hawakufuata hewa safi wala bustani kama mabwana wa Ulaya. Mji haukuwa na nafasi yao. Mtu wa Ndanai hakuweza hata hilo. Kwake palikuwa mbali mno, na alipofika Nairobi ilimpasa kubanana na wengine au kukosa kazi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mlango ulifunguliwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta Nairobi ina watu 509,286. Ile ya mwaka 2019 ilikuta 4,397,073. Hapana jiji linaloweza kujenga nyumba kwa mbio hizo, na watu walimwagika nje kama maziwa yanayochemka.

Waliwezaje kuenea mbali hivyo? Mabasi yalikuwako tangu mwaka 1934, lakini hayakutosha wala hayakufika kila mahali. Nafasi hiyo ilijazwa na magari madogo mabovu yaliyotoza mapeni matatu, senti thelathini, na jina la matatu likabaki hata nauli ilipopanda mara nyingi. Yalikimbizana na polisi kwa kukosa leseni mpaka mwaka 1973, Rais Kenyatta aliporuhusu yachukue abiria. Nadhani amri ile imejenga miji mingi kuliko michoro yote ya wataalamu, ingawa wataalamu hawapendi kusikia hivyo. Mahali ambapo matatu ilifika, mtu alinunua ploti. Na mahali penye ploti za kutosha, matatu za pili na za tatu zilifuata.

Upande wa kaskazini mwa jiji palikuwa na mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi. Reli ya Thika ilifika mwaka 1913, nayo Thika ikawa mji wa viwanda wenye kazi zake wenyewe. Ruiru ilikuwa kituo kidogo katikati ya mibuni. Baada ya uhuru, watu waliungana katika kampuni za kununua ardhi, wakanunua baadhi ya mashamba hayo na kuyagawa vipande vipande. Kisha barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kufunguliwa Novemba 2012. Safari ilipungua muda, na bei ya ardhi ikapanda upesi. Hesabu ya mwaka 2019 iliipa Ruiru watu karibu 490,000, wengi kuliko Thika yenyewe. Aliyenunua kabla ya barabara alicheka. Aliyengoja lami ikauke alilipa bei ya lami.

Upande wa kusini habari ni nyingine, nami naomba uitulie. Ongata Rongai ni maneno ya Kimasai yenye maana ya uwanda mwembamba. Ulianza katika miaka ya 1950 kwa uchimbaji wa mawe ya kujengea, na hata leo kuna watu wanaouita Kware, kwa ajili ya machimbo hayo. Nyumba za Nairobi zilitoka katika mashimo ya Rongai kabla wakaaji wa Nairobi hawajakwenda kulala huko! Zaidi ya hapo, na kuelekea Kitengela, ilikuwa nchi ya malisho. Sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa vikundi. Kuanzia miaka ya 1980 vikundi vingi viligawanya ardhi, kila mtu akapata chake, na wengi wakauza. Ndiyo sababu ploti zilikuwa za bei nafuu. Unafuu wa mnunuzi ulikuwa malisho ya mwingine, na nyua zimeziba njia ambazo nyumbu na pundamilia walizipita kutoka mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, kwenda nyanda za Athi. Ninyi mliokulia kwenye ng'ombe mnajua maana ya kufungiwa njia ya maji.

Basi tuseme umepata kazi, nawe unapima. Chukua mfano tu wa hesabu: chumba cha mjini ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na kingine kama hicho pembeni ni 6,000. Moyo unaruka. Lakini ikiwa nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 24 za kazi utalipa 4,800. Umepoteza 800, na bado hujahesabu saa mbili au tatu za kila siku barabarani. Tena mvua ikinyesha nauli hupanda, wala mshahara haupandi nayo. Garimoshi lina nauli iliyotulia zaidi, na stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Lakini anayekaa mbali na stesheni hulipa mara mbili. Uliza na maji. Katika nyanda za kusini wengi hununua maji ya magari au ya visima virefu, na baadhi ya visima vina madini yanayotia meno rangi ya kahawia. Uliza pia mto upo wapi: katika mvua za Aprili na Mei, 2024, maji yaliingia katika makazi ya Kitengela na Athi River.

Ukija kununua, jambo ni zito zaidi. Mwezi wa Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau, katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Mwezi wa Oktoba 2023 zikabomolewa nyingine Mavoko, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni mali ya kampuni ya saruji. Waliokuwamo walikuwa watu wa mshahara, walioweka akiba miaka mingi. Wengi walishika karatasi mkononi, wakiamini ni hati ya kweli. Karatasi ya muuzaji haitoshi. Hati huulizwa katika ofisi ya usajili wa ardhi ya eneo lile, kwa namba ya ploti, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. Na mzee jirani, ambaye mifugo yake ilikula pale kabla ya ua kujengwa, huulizwa siku hiyo hiyo.