Kuchonga maboga ya Halloween: kazi ya saa nyingi inayooza kwa siku chache

Kwa wakaaji wengi wa Congo, boga ni chakula na majani yake ni mboga. Lakini Marekani, mbele ya Halloween, tarehe 31 mwezi wa kumi, watu wananunua maboga ili wayachonge, wayatie taa ndani na kuyaweka mbele ya mlango. Familia za Wakongomani waliopokelewa kule kama wakimbizi zinakutana na desturi hiyo kwa majirani ama kwenyi masomo ya watoto.

Ilitoka wapi?

Desturi ilianzia Ireland, na kule hawakutumia maboga. Walichonga nave, zao la mzizi. Hadithi yao inasema kuhusu Jack, mtu mchoyo aliyemdanganya shetani. Alipokufa, mbinguni walimkataa na jehanamu vilevile, akabaki kutembea usiku na kaa la moto ndani ya nave. Njaa kubwa ilipoanza Ireland mwaka 1845, watu wengi walikimbilia Marekani. Kule kulikuwa boga, zao la asili ya Amerika, kubwa na rahisi kuchonga kuliko nave.

Kutoka kisu cha jikoni hadi msumeno mdogo

Kwa muda mrefu, watu walikata tu macho ya pembe tatu na mdomo wenyi meno. Paul Bardeen, wa mji wa Racine, Wisconsin, alitengeneza misumeno myembamba na modeli za kuchora. Miaka ya 1980, familia yake ikaanza kuuza vifaa hivyo kupitia kampuni Pumpkin Masters. Tangu hapo, hata mtu asiyejua kuchora anaweza kutoa sura ya mtu, mnyama ama nyumba.

Inafanywa namna gani?

Kwanza wanafungua tundu chini ama nyuma ya boga, wanatoa mbegu na kukwangua ndani mpaka ukuta ubaki na santimeta 2 ama 3. Modeli ya karatasi inabandikwa juu ya ganda, halafu mistari inatobolewa kwa sindano, nukta kwa nukta. Vipande vidogo ndivyo vinakatwa kwanza, maana kisha kukata vikubwa boga linakosa nguvu. Kila sehemu inayobaki inapaswa kushikamana na ingine, la sivyo itaanguka.

Mafundi hawatoboi kila mahali. Wanakwangua ganda tu: penyi ukuta mwembamba mwanga unapita sana, penyi ukuta mnene unapita kidogo. Ndivyo kivuli cha pua ama mashavu kinapatikana. Ray Villafane, aliyekuwa mwalimu wa sanaa Michigan, alijulikana kwa njia ingine: anachonga nyama nene ya boga kama sanamu, bila taa.

Mwaka 2013, mji wa Keene, New Hampshire, uliwasha maboga 30.581 kwa wakati mmoja.

Hatari na hasara

Kila mwaka kuna watu wanaojikata vidole na mikono, mara mingi kwa kisu kikubwa kinachoteleza. Kwa hiyo watoto wanapewa kazi ya kutoa mbegu, mtu mzima ndiye anakata. Buji inaweza kuunguza nguo ama kitu cha karibu. Taa ndogo ya pile ni salama zaidi.

Boga likishakatwa, linaanza kukauka na kuota ukungu. Wengine wanapakaza vazelini kwenyi makali, ama wanaliosha na maji yenyi javeli kidogo, lakini kisha siku kadhaa linalegea. Maboga mengi yanaishia kwenyi takataka, na hapo ndipo lawama inatoka: ni chakula kinachotupwa. Mbegu zinaweza kukaangwa na kuliwa. Nyama iliyotolewa siku ya kuchonga inafaa kwa supu, hata kama maboga ya kuchonga yana maji mengi na utamu kidogo. Lile lililokaa inje na buji ndani halifai tena kuliwa. Lisipopakwa rangi, linaweza kurudi shambani kama mbolea.