Masizi ya Koroboi

Kisa changu kinaanza na mvua. Siku hiyo niliondoka nyumbani Kiseke na picha 12 ndani ya bahasha ya kaki, nakwenda mjini Mwanza kumwonyesha bwana mmoja anayefanya kazi ya uchapaji. Zilikuwa picha za riwaya yangu, hadithi ya mvuvi wa dagaa, ambayo nimekuwa nikiiandika usiku tangu nilipomaliza kidato cha nne. Daladala ikaharibika njiani, tukashuka, na mvua ya ziwani, jamani, haipigi hodi. Nilipofika na kuifungua ile bahasha, picha 11 zilikuwa madoa ya zambarau. Moja tu ilisalimika: mtumbwi na karabai yake, kila mstari mahali pake, utadhani maji hayakuigusa kabisa.

Zile 11 nilizichora kwa kalamu za felti, zile zinazouzwa na machinga kwa pakiti. Ile moja niliichora kwa kalamu ya kuazima, ya baba mdogo, ambaye maisha yake yote alikuwa mchora ramani. Mimi nilidhani wino ni wino tu. Nilipomweleza yaliyonipata hakunicheka. Alisema, "Mwanangu, wewe umechagua kalamu kwa bei. Ungeuliza kwanza ndani yake mna nini."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza, na nilichokipata ndicho ninachokuletea hapa.

Tuanze na jina lenyewe. Neno kalamu tumelichukua kwa Waarabu, na kabla yao Wayunani wa kale walikuwa na neno kama hilo hilo, kalamos, maana yake tete. Naam, tete! Mmea ule ule unaoota huku kwetu ukishuka ufukweni. Kwa maelfu ya miaka watu walikata kipande cha tete, wakakichonga ncha mshazari, wakapasua ufa mdogo katikati ili wino uteremke, wakaandika na kuchora. Sisi tunalipita kila siku tukienda kuteka maji, wala hatujui kuwa tunapita katikati ya kalamu.

Mabingwa wa kalamu hiyo katika nchi za Waswahili walikuwa pwani. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na waandishi walionakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19, wakaipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, na baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo. Baadaye Lamu ilimtoa Muhammadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945: mshairi, mchonga milango na mwandishi wa mkono uliosifika, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwomba awanakilie tenzi za zamani. Miswada yake mingine imehifadhiwa London na Ujerumani. Karatasi imevuka bahari na vita viwili vya dunia, na mwandiko unasomeka.

Lakini watu hao hao wa pwani walikuwa, na bado wanao, wino wa namna nyingine. Ni ule wa kombe. Mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, kisha maandishi huoshwa kwa maji na mgonjwa akayanywa. Wino ule usipoyeyuka haufai! Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya baba mdogo. Kila wino una kazi yake. Kosa langu lilikuwa kuchora picha za kukaa kwa wino wa kuosha.

Basi wino wa kukaa una nini ndani? Jibu lilinishangaza kwa udogo wake: una masizi. Wamisri wa kale na Wachina walichukua masizi ya moto au ya taa, wakayachanganya na gundi na maji. Masizi ni kaboni, na kaboni haichujuki kwa jua hata ipite miaka elfu. Wale waliotuachia jina la mtaa wa Makoroboi pale mjini walikuwa wanatuwekea duka la wino bila kujua, maana kila koroboi inayowaka hutema masizi juu yake.

Mimi nikajaribu. Niliwasha koroboi, nikafunika kwa bati, nikakwangua masizi, nikachanganya na gundi ya mgunga. Nikachonga tete. Mstari ulitoka mweusi, mnene, mzuri ajabu. Nikaudondoshea tone la maji, ukavuja pembeni! Nilikaribia kukata tamaa, mpaka nilipojifunza kwamba gundi ya mti hurudi kuwa laini ikilowana. Ndiyo maana watengenezaji wa wino mweusi wa chupa, ule unaoitwa wino wa India, huongeza lakiri, utomvu unaotolewa na wadudu fulani wa Asia, na ukishakauka maji hayauwezi tena.

Baada ya tete ikaja nibu ya chuma. Katika karne ya 19 mji wa Birmingham, Uingereza, ulijaza dunia nibu, na Joseph Gillott alikuwa mmoja wa wenye viwanda wakubwa. Wazee wetu waliosoma zamani wanaikumbuka: kidau kwenye dawati, chovya, andika, chovya tena. Kwa mchoraji nibu ina siri moja. Ukiikandamiza inatanuka na mstari unanenepa. Ukiinua mkono mstari unakonda. Shavu la mtu au mgongo wa samaki unauchora kwa pumzi moja.

Nibu ikakutana na magazeti. Katika uchapaji wa zamani picha ya mistari ilipigwa chapa kwa bamba la zinki lililoliwa kwa asidi, na bamba lile halikujua kijivu. Lilijua nyeusi na nyeupe basi. Mchoraji aliyetaka kivuli alikipanga kwa vijistari vilivyobanana. Katuni za magazeti yetu zilikulia katika sheria hiyo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza kuwachekesha Wakenya miaka ya 1950. Chakubanga wa Christian Gregory aliwachekesha wasomaji wa Uhuru hapa Tanzania miaka ya 1960 na 1970. Kisha likaja jarida la Sani na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Komredi Kipepe. Philip Ndunguru, aliyewapa watu wa jarida hilo sura zao, alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, umri kama wetu huu. Wenzake wakaichukua kazi, na wasomaji wakaendelea kuwatambua wahusika wale wale. Mstari mweusi ulio wazi mtu mwingine anaweza kuufuata hata mwenyewe akiwa hayupo.

Kalamu ya baba mdogo ni ya ukoo mwingine. Ni Rotring, kampuni ya Hamburg, iliyotoa kalamu ya Rapidograph mwaka 1953. Ncha yake ni kibomba chembamba chenye waya ndani. Mstari wake haunenepi wala haukondi, nao ndio wanaoutaka wachora ramani. Lakini ina kiburi: uishike wima, uioshe, usiiache wazi, vinginevyo wino unakauka ndani na kalamu imekufa. Mwaka 1982 kampuni ya Sakura ya Japani ikatoa Pigma, kalamu ya ncha nyembamba isiyohitaji kujazwa, yenye chembe za rangi zisizoyeyuka kwa maji. Ukiipata, nunua.

Na peni ya kawaida je, hii tuliyofanyia mitihani? Bíró alipata hataza yake mwaka 1938, na Bic ya bei rahisi ikaingia madukani mwaka 1950. Tusiidharau. Wino wake ni wa mafuta, mvua haiumalizi. Adui yake ni jua. Itundike picha ukutani, baada ya miaka michache uso unabaki kama wa mtu aliyeamka homa.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu mchoraji, usione aibu kuanza na peni kwa mazoezi. Ila picha unayotaka ikuzidi umri, ichore kwa wino wenye masizi, kwa nibu kama unataka mstari unaopumua, kwa kibomba kama unataka mstari ulionyooka. Na kabla ya yote fanya jaribio langu: chora mstari mmoja, uache ukauke usiku kucha, asubuhi udondoshee maji. Jaribio hilo halina gharama. Mimi kutolifanya kumenigharimu.

Nasema hivyo kwa sababu mtunzi hajui karatasi yake itasubiri muda gani. Jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa kwa Kiswahili yapata miaka 35 baadaye, naye akafariki mwaka 1981 kabla vitabu havijamfikia mkononi. Nikimfikiria mzee yule na mswada wake, nauliza, picha zangu za felti zingesubiri hata mwaka?

Nimekwisha kuzichora upya picha 10, kwa nibu na wino wa chupa. Mvuvi amerudi, mwalo umerudi, hata mawe yetu ya Mwanza yamerudi. Ya 11 ilikuwa sura ya bibi. Nilimchora akiwa amekaa mlangoni anaanika dagaa, miezi miwili kabla hatujamzika. Nimeketi mara nyingi na nibu mkononi, macho yake nayapata, mdomo siupati. Kwenye riwaya ukurasa ule nimeuacha mweupe.