Sauti ya Dhiki: Gereza Lisilifunike Shairi

Miaka ya karibuni imekuwa ya neema kwa jina la Abdilatif Abdalla. Mwaka 2016 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa kitabu kizima kumhusu mshairi huyu na siasa zake, kikihaririwa na Rose Marie Beck na Kai Kresse. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Michigan kikachapisha tafsiri ya Kiingereza ya diwani yake, Sauti ya Dhiki, kazi ya marehemu Ken Walibora, pamoja na tahakiki zilizokusanywa na Annmarie Drury. Diwani iliyotoka mwaka 1973 sasa inawafikia wasomaji wasiojua Kiswahili hata kidogo. Ni heshima iliyochelewa, na wanaoipigania wanastahili shukrani zetu.

Hata hivyo, mapokezi haya yana kasoro ya tangu zamani. Wahakiki wengi huanzia kwenye waraka wake wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, wa mwaka 1968, wakaja kwenye hukumu ya miaka mitatu, upweke wa gereza la Kamiti, mashairi yaliyoandikwa kwa siri kwenye karatasi za msalani. Kisha hutaja Tuzo ya Jomo Kenyatta ya mwaka 1974, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Yote ni kweli, tena yanatia uchungu. Lakini wafungwa wa kisiasa walikuwa wengi, na dhiki peke yake haimfanyi mtu kuwa malenga. Tukilisoma shairi kama ushahidi wa mahakamani tu, tunakuwa tumemrudisha mtunzi kizuizini.

Chukua “Mnazi: Vuta N’kuvute”. Ni malumbano ya watu wawili, Alii na Badi, wanaogombea mnazi. Wengi huharakia kuuliza mnazi ni nani na wagombanao ni akina nani: pwani na bara, watawala na watawaliwa? Swali ni halali. Ila nguvu ya shairi imo katika kujibizana kwenyewe. Kila mmoja anapewa hoja yake kwa ukamilifu, ndani ya vina na mizani ile ile, wala mtunzi haingilii kati kuamua. Umbo la malumbano, ambalo Mvita, yaani Mombasa, imelirithi kizazi baada ya kizazi, hapa limekuwa njia ya kufikiri juu ya haki. Ukiliondoa umbo hilo, kinachobaki ni kauli ya kisiasa ambayo hata gazeti lingeweza kuibeba.

Hapa ndipo ninapoulaumu mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, diwani ya mashairi huru, kilipotoka mwaka 1974, wahakiki walijigawa kati ya wanamapokeo walioshikilia vina na mizani, na wanamabadiliko waliotetea mashairi huru, na Sauti ya Dhiki, yenye utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, ikaonekana ni ya kambi ya kwanza. Wengi wakaridhika na kuhesabu mizani. Hawakuuliza Abdilatif anaifanyia nini mizani hiyo: namna “Siwati” inavyougeuza urudiaji kuwa ukaidi, au namna “Mamba” inavyomwendea mwenye nguvu kwa mafumbo. Mtu aliyelelewa na Ahmad Basheikh Husein, na ambaye Ahmad Nassir Juma Bhalo ni nduguye, hakukuta kanuni hizo kitabuni. Alikuwa nazo masikioni kabla ya kuwekwa ndani.

Tafsiri ya Walibora, aliyebobea pia katika fasihi ya magereza, itaendelea kuwaleta wasomaji wapya kupitia mlango wa kifungo. Huo ni mlango wao. Sisi tunaosoma diwani hii kwa lugha yake tuna deni jingine: toleo la kihakiki la Kiswahili lenye maelezo ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, ya matamshi, ya bahari za mashairi na ya tungo ambazo mashairi haya yanajibizana nazo. Kazi hiyo inawahitaji wajuzi wa lahaja walioko Mombasa, nao wanapungua. Idara zetu za Kiswahili, Nairobi hadi Zanzibar, zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka.