Golikipa Aliyemtoa Golikipa

Kuna kipande cha video ambacho kila likikaribia Kombe la Dunia kinarudi kwenye simu zetu. Brazili wamepata faulo, Wazaire wamejipanga ukuta, refa anapuliza filimbi, halafu beki mmoja wa Zaire anachomoka ukutani na kuubutua mpira mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, na nilikituma kwa watu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba siku nne kabla ya hapo, kwenye uwanja uleule wa Gelsenkirchen, kulitokea jambo lisilochekesha hata kidogo. Aliyeniambia ni kinyozi wangu hapa Dar, mzaliwa wa Lubumbashi. Alizima mashine, akasema, "Kazadi balimutosha bure." Nilimwelewa kinyume. Kwetu kutosha ni kuwa na kiasi, kwao ni kutoa. Kazadi walimtoa bure. Nani alimtoa, nikauliza. "Ule muzungu, kocha."

Huyo mzungu anaitwa Blagoja Vidinić, na nimekaa naye kichwani kwa miezi kadhaa sasa.

Alizaliwa Skopje mwaka 1934. Masedonia wakati huo haikuwa nchi, ilikuwa sehemu ya ufalme wa Yugoslavia, kwa hiyo jezi aliyokuja kuivaa ilikuwa ya Yugoslavia. Alikuwa golikipa. Alikuwa kwenye kikosi kilichopata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na cha Roma mwaka 1960 kilichochukua dhahabu. Katikati ya majira hayo ya joto ya 1960 ndipo alipokaa langoni kwenye fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, Paris, dhidi ya Wasovieti. Yugoslavia walitangulia. Mapema kipindi cha pili likaja shuti la mbali, mpira ukamponyoka Vidinić, Metreveli akamalizia. Dakika za nyongeza Ponedelnik akafunga la pili na kombe likaenda Moscow.

Naomba msomaji aushike huo mpira uliomponyoka. Golikipa akikosea hana pa kujificha, na Vidinić alilijua hilo kwa mikono yake mwenyewe.

Alimalizia kucheza Marekani, kisha akaingia ukocha, na hapo ndipo habari yake inapokuwa yetu Waafrika. Kabla ya 1970 ni Misri peke yake iliyokuwa imecheza Kombe la Dunia kutoka bara hili, tena mechi moja tu, mwaka 1934. Vidinić aliipeleka Moroko Mexico. Mechi ya kwanza waliwatangulia Wajerumani Magharibi kwa bao la Houmane Jarir, wakaenda mapumziko wakiongoza, na ilibidi Seeler na Müller wahangaike kipindi cha pili ili kushinda 2-1. Peru wakawafunga 3-0. Halafu wakatoka sare ya 1-1 na Bulgaria, na hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya Afrika kwenye Kombe la Dunia.

Kisha akahamia Zaire ya Mobutu. Desemba 1973, Kinshasa, Zaire iliifunga Moroko 3-0. Yaani aliifunga timu aliyoifundisha mwenyewe, akaipeleka Ujerumani timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Timu tatu za kwanza za Afrika kwenye Kombe la Dunia, mbili zilikuwa za mtu huyu kutoka Skopje. Nashangaa jinsi tunavyomtaja kwa nadra.

Na wanaodhani Zaire ilikwenda Ujerumani kama watoto waliopotea njia waangalie Machi 1974. Kombe la Mataifa ya Afrika, Misri. Nusu fainali wenyeji wanaongoza 2-0, Zaire wanarudi na kushinda 3-2. Fainali na Zambia inaisha 2-2, hakuna penalti, wanarudiana baada ya siku mbili, Zaire 2-0. Mabao yote manne ya fainali hizo mbili alifunga mtu mmoja, Mulamba Ndaye. Tisa kwenye mashindano yote, na rekodi hiyo ya michuano mmoja haijavunjwa mpaka leo ninapoandika. Langoni alikuwepo Kazadi Mwamba wa TP Mazembe, kipa wa ile timu ya Lubumbashi iliyochukua ubingwa wa klabu Afrika 1967 na 1968. Ndiyo maana kinyozi wangu anaumia kama aliyefiwa na mjomba.

Basi Juni. Mechi ya kwanza Scotland waliwafunga 2-0, wala haikuwa aibu. Ya pili, tarehe 18, ni Yugoslavia. Kocha wa Zaire anakwenda kucheza na nchi yake.

Kwa simulizi ya Mwepu Ilunga, yule beki wa kwenye video, wachezaji walikuwa wamegundua kwamba fedha walizoahidiwa hazitafika, wamekwishaliwa na wakubwa waliosafiri nao. Walitaka kugoma. Wakashawishiwa kuingia uwanjani, lakini miguu tu ndiyo iliyoingia. Dakika ya 18 ilikuwa tayari 3-0. Dakika ya 21 Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu Dimbi, kipa mfupi ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota mpira wavuni. Katika vurugu za bao hilo la nne refa kutoka Kolombia akapigwa teke kwa nyuma, akamtoa Mulamba kwa kadi nyekundu. Aliyempiga ni Mwepu, mwenyewe alikiri. Ikaisha 9-0.

Maneno yakaanza palepale: kocha kauza mechi kwa ndugu zake. Masimulizi mengine yanasema agizo la kumtoa Kazadi lilishuka kutoka kwa wakubwa wa serikali waliokuwa na timu. Mimi naegemea upande huu wa pili. Mtu anayetaka kuuza mechi haendi kuweka jambo la ajabu namna ile mbele ya macho ya dunia nzima dakika ya 21, wakati anaongozwa tatu na timu yake imekwishakata tamaa. Lakini kuegemea huko hakumtoi hatiani moja kwa moja. Aliyesimama kwenye benchi ni yeye. Alijua golikipa anavyojisikia mpira ukimponyoka, na bado alikubali mwenzake atembee peke yake kutoka langoni mpaka pembeni, kana kwamba mabao yale matatu yalikuwa yake tu.

Baada ya mechi hiyo, anasema Mwepu, walinzi wa Mobutu walikuja na ujumbe: mkifungwa na Brazili zaidi ya tatu, hakuna atakayerudi nyumbani. Sasa iangalie tena ile video. Mwepu alisema sheria alikuwa anaijua vizuri, alitaka kutolewa kwa kadi nyekundu. Alipewa ya njano.

Vidinić aliendelea na kazi, akafundisha Kolombia, nchi ya refa yule, akafariki Strasbourg mwaka 2006. Mulamba alifia ukimbizini Afrika Kusini mwaka 2019.

Na Kazadi? Siku ile ya Brazili alirudishwa langoni. Brazili walihitaji ushindi wa mabao matatu ili wawapite Scotland, na dakika ya 79 walikuwa nayo mawili. Valdomiro akapiga kutoka pembeni, shuti la kawaida tu, mpira ukapita chini ya Kazadi. Nililirudia bao hilo mara nyingi kwenye simu, nikamwonyesha kinyozi. Akalitazama mara moja, akanirudishia simu, akawasha mashine. Safari hii Vidinić hakumtoa.